Istilahi za Msingi za Sarufi ya Kiingereza na Mwanafunzi wa Nyanda za Kati

Madhumuni ya makala haya ni kuzipitia tena istilahi chache za msingi za sarufi ya Kiingereza, kama zifundishwavyo katika vidato vya mwanzo vya shule za sekondari za Dodoma na nyanda za kati, na kueleza kwa nini mwanafunzi azijuaye kwa moyo hushindwa mara nyingi kuzitumia. Sileti nadharia mpya. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea udaktari nilizila nadharia hata nikashiba, na waalimu watakaoyasoma makala haya wana kazi nyingine za kufanya. Nasema juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: istilahi za Kiingereza na za Kiswahili hutaja mambo yaliyo karibu sawa, lakini alama ambazo kwazo mambo hayo hutambulikana si zile zile katika lugha hizi mbili, na mtoto hajaambiwa na mtu alama hizo azitafute wapi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya kata nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza. Mwalimu, kijana mwenye bidii, akauliza kwa Kiingereza maana ya "adjective". Darasa zima likajibu kwa sauti moja, kama watu waitikiao kibwagizo, kwamba ni neno lielezalo nomino. Akaandika ubaoni "The tall man runs fast", akataka waionyeshe "adjective" yenyewe. Mikono ikawa haba. Wa kwanza akasema "man", wa pili akasema "fast", wa tatu akasimama asiseme neno. Mwalimu akaona haya kwa kuwa mgeni yupo, akaliandika jibu yeye mwenyewe, somo likaendelea.

Kabla ya kipindi kwisha nilimwomba ruhusa nisimame mbele kidogo. Nikaandika "Mtu mrefu anakimbia sana", nikauliza: kama watu hao wangekuwa wawili, ni maneno gani yangebadilika? Wakajibu mara moja: watu, warefu, wanakimbia; "sana" halibadiliki. Na katika hayo yaliyobadilika, lipi lasema mtu huyo yu namna gani? "Warefu", akajibu msichana mmoja ambaye tangu asubuhi hakufungua kinywa. Basi wale watoto walikuwa wakikijua kivumishi, tena kwa hakika isiyo na shaka. Wasilolijua ni jinsi ya kukitambua kivumishi kisichobadilika.

Katika Kiswahili, na katika lugha nyingine za Kibantu, alama za sarufi huvaliwa na neno lenyewe. Ukilitazama neno "vikali" utajua kwamba lina jamaa yake katika sentensi, na kwamba jamaa huyo ni wa ngeli ya ki-vi na ni wengi. Katika Kiingereza cha leo mavazi hayo yamevuliwa karibu yote, na kazi yake imepewa mahali neno lilipokaa. "Tall" ni kivumishi katika sentensi ile kwa sababu limekaa baina ya "the" na "man". Umbo lake halisemi lolote. Tena "fast" lilipotajwa na yule mwanafunzi wa pili halikuwa jibu la kijinga. Katika "the fast car" neno hilo hilo ni kivumishi, na katika "runs fast" ni kielezi, wala hakuna hata herufi moja iliyoongezwa au kupunguzwa. Mtoto aliyezoea kulitazama neno lilivyovaa atawezaje kulijua, asipoambiwa atazame lilipokaa?

Wakazi wa Dodoma wanao mfano wa mavazi hayo katika jina la mji wao. Simulizi iliyozoeleka husema kwamba jina hilo limetokana na neno la Kigogo "idodomya", lenye maana ya "imezama", na kisa chake ni tembo aliyezama matopeni. Neno hilo moja ni sentensi nzima: kuna kilichozama, na kuna kuzama kwenyewe. Mtu akitaka kuyasema hayo kwa Kiingereza hana budi kutafuta maneno mawili au matatu na kuyapanga kwa taratibu yake.

Hapa yafaa niseme kidogo juu ya mahali istilahi hizi zilipotoka, kwani wengi hudhani zimeshuka pamoja na lugha yenyewe. Orodha ya aina nane za maneno ni ya Wayunani. Sarufi iliyobeba jina la Dionysius Thrax, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, ilihesabu aina nane, na katika hizo kivumishi hakikuwamo peke yake, kiliwekwa pamoja na nomino. Warumi wakaichukua orodha ile wakaitia katika Kilatini. Na kwa kuwa Kilatini hakina neno la mfano wa "the", wakaiondoa aina hiyo na mahali pake wakaweka kihisishi, ili nane zibaki nane. William Bullokar alipoandika sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586 alifuata kigezo cha Kilatini. Krapf aliyetoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Askofu Steere aliyetoa kitabu chake mwaka 1870, walikuja na orodha hiyo hiyo mikononi, nao wakakuta lugha ambayo vivumishi vyake ni vichache na vihusishi vyake haba. Bibi Ashton, katika kitabu chake cha 1944, alijitahidi kukieleza Kiswahili kwa mpango wa Kiswahili chenyewe, na kwa hiyo kitabu chake chasomwa hata leo. Waarabu nao walikuwa na hesabu nyingine kabisa: kwao maneno ni aina tatu tu, yaani jina, kitendo na harufu. Neno letu "sarufi" limetoka kwao, ingawa katika Kiarabu neno hilo hutaja elimu ya maumbo ya maneno peke yake, na elimu ya mpango wa sentensi ina jina jingine.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu asiogope kusema kwamba aina za maneno ni mpango uliofanywa na watu, nao waweza kurekebishwa. Pili, istilahi zetu wenyewe zimebadilika mbele ya macho yetu. Mzee aliyesoma zamani husema "jina", mwanawe husema "nomino". Alichokiita mzee "sifa" huitwa leo "kivumishi", na kihisishi wengine hukiita kiingizi. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilisaidia sana kuzikusanya istilahi hizi mahali pamoja, lakini kitabu kilichomo maktabani hakimfikii mara moja mwalimu wa kijijini. Mtoto aulizaye nyumbani maana ya nomino huweza kujibiwa kwamba neno hilo halipo. Kisha akifika sekondari hupewa jina la tatu kwa jambo lile lile, kwa Kiingereza, bila kuambiwa kwamba ni lile lile.

Sasa tuziangalie istilahi zenyewe, kila moja na alama zake.

Juu ya nomino sitakaa sana. Fasili isemayo kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu huanguka mara tukutanapo na "kilio" au "uvivu". Kipimo kilicho bora ni mwenendo wa neno. Katika Kiswahili nomino ndiyo iamrishayo maneno mengine yavae nini, na vitabu vyetu vya shule vitajavyo ngeli kwa A-WA, KI-VI na kadhalika vimeshika njia hiyo. Neno "kiboko" laanza kama "kitabu", lakini twasema "kiboko amelala", na kwa hiyo huwekwa katika A-WA. Mtoto wa shule ya msingi ayajua haya. Katika Kiingereza nomino haiamrishi karibu kitu. Alama yake ni kwamba yaweza kukaa baada ya "the", na mara nyingi yaweza kuongezewa "s" ikiwa ni nyingi.

Na hiyo "s" ndiyo itakayotukalisha kidogo, maana sijui herufi nyingine iliyowachapisha watoto wa nchi hii viboko vingi kuliko hiyo. Kila mwalimu wa Kiingereza amesahihisha sentensi za mfano wa "The boys plays football" na "The boy play football" hata mkono ukachoka. Kwa desturi huandikwa pembeni kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi ni mzembe. Mimi nasema si mzembe. Tutazame: "Kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, visu vikali vimepotea." Alama ya wingi imetokea katika nomino, ikarudiwa katika kivumishi, ikarudiwa tena katika kitenzi. Kigogo nacho kina "munhu" na "wanhu", "cinhu" na "vinhu", na maneno mengine yaliyomo katika sentensi hufuata. Mtoto aliyelelewa Mvumi au Bahi amelisikia jambo hili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, wala hajui lugha iliyo kinyume cha hivyo. Akifika kidato cha kwanza huambiwa mambo mawili: kwamba wingi wa nomino katika Kiingereza ni "s", na kwamba kitenzi hupatana na kiima chake. Akiyaunganisha maagizo hayo mawili afanye nini? Huitia "s" katika nomino, kisha huirudia katika kitenzi, naye huandika "The boys plays". Pasipo "s" katika nomino, haitii katika kitenzi, naye huandika "The boy play". Ametii maagizo yote mawili, tena kwa akili, naye hupata sifuri.

Asichoambiwa ni kwamba "s" ya nomino na "s" ya kitenzi ni herufi mbili zilizofanana sura tu, kama watu wawili waitwao Juma ambao hawana udugu. Ile ya nomino imetokana na kiambishi cha wingi cha Kiingereza cha kale. Ile ya kitenzi ni mabaki ya viambishi vya nafsi ambavyo zamani vilikuwa vingi. Vikaanguka kimoja kimoja, ukabaki huu wa nafsi ya tatu umoja. Katika karne ya 16 waandishi wengi wa kusini ya Uingereza walikuwa bado wakiandika "-eth" mahali hapo, na "-s" ilikuja kutoka kaskazini ikashika nafasi yake. Kwa hiyo "s" ya kitenzi yalingana kwa kazi na kiambishi "a-" katika "anacheza", ila yake ipo mwishoni na yetu ipo mwanzoni. Nimewajaribu wanafunzi kwa njia hii: waandike "anacheza" na "wanacheza" upande mmoja wa ubao, na "plays" na "play" upande wa pili, kisha wavute mstari kutoka "a-" hadi "-s". Mstari ule hufanya kazi kubwa kuliko hotuba. Sisemi kwamba makosa hukoma siku hiyo, lakini mwanafunzi hupata kujua ni kitu gani akikosacho.

Kivumishi kina taabu yake nyingine. Vivumishi vya asili vya Kiswahili, yaani vile vivaavyo viambishi kama -zuri, -baya, -refu, -fupi na -pya, ni vichache kiasi cha kuandikika katika ukurasa mmoja. Mengine tuyasemayo kwa Kiswahili husemwa kwa njia nyingine. Twasema "maji ya moto", na "moto" ni nomino. Twasema "mtu mwenye nguvu", na "nguvu" ni nomino. Twasema "nguo iliyochanika", na hapo pana kitenzi. Kiingereza kwa kawaida huweka kivumishi mahali hapo pote. Ndipo mwanafunzi atakaye kusema "nina njaa" hutafuta katika kamusi, akakuta "hungry", akaandika "I have hungry". Amelipa neno la kivumishi kiti cha nomino, kwa kuwa katika lugha yake ni nomino. Msahihishaji akifuta tu bila kueleza, kesho ataandika "I have thirsty".

Lakini Kiswahili chenyewe kimetuwekea daraja, na nashangaa kwamba sijaliona likitumiwa. Kuna vivumishi tulivyovipokea kutoka Kiarabu, navyo havivai kitu: safi, hodari, ghali, rahisi. Twasema "kisu safi, visu safi, mtu hodari, watu hodari". Vivumishi vya Kiingereza vyote ni vya namna ya "safi". Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo haandiki tena kivumishi chenye "s" ya wingi, kwani yeye mwenyewe hawezi kusema "visu visafi" asichekwe na wenziwe. Kuhusu mahali pa kukaa, tuna "kila", ambalo hutangulia nomino siku zote: kila mtu, kila siku. Kivumishi cha Kiingereza hukaa pale akaapo "kila". Kwa maneno haya mawili, "safi" na "kila", nimeona darasa likitengenea katika muda wa dakika kumi.

Sasa kitenzi. Katika madarasa mengi hubandikwa ukutani chati ya nyakati kumi na mbili za Kiingereza, na wanafunzi hutakiwa waikariri. Chati hii yatisha bila sababu. Kumi na mbili ni tatu mara nne: nyakati tatu, yaani uliopita, uliopo na ujao, na hali nne, yaani sahili, endelevu, timilifu, na timilifu iliyo endelevu. (Wataalamu wengi wa leo husema hata kwamba umbo la kitenzi cha Kiingereza laonyesha nyakati mbili tu, na kwamba ujao hujengwa kwa kitenzi kisaidizi, lakini mwalimu wa kidato cha kwanza aweza kuyaacha haya.) Kiswahili nacho huchanganya wakati na hali kwa njia iliyo karibu sana: alikuwa anasoma, alikuwa amesoma, atakuwa amesoma. Mwanafunzi akiyaweka hayo mkabala na "was reading", "had read" na "will have read", huona kwamba kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwetu vitenzi vyote viwili vimevaa "a-", na kwao ni kile cha kwanza tu kionyeshacho wakati na nafsi. Katika Kondoa mwalimu awe na tahadhari zaidi, kwa maana Kirangi, katika baadhi ya semi za wakati ujao, hukitanguliza kitenzi kikuu kikafuatwa na kisaidizi, jambo lisilo la kawaida katika lugha za Kibantu za pande hizi.

Penye hatari kubwa ni kiambishi -me-. Vitabu husema kwamba -me- ni hali timilifu, na mwanafunzi hufuata. Mzee amekaa chini ya mbuyu. Naye huandika "The old man has sat under the baobab tree". Mwingereza angesema "is sitting". Mtoto amelala, naye huandika "has slept", na Mwingereza aisomaye hudhani mtoto amekwisha kuamka. Kiswahili kina vitenzi ambavyo vikipewa -me- huitaja hali iliyopo sasa: kaa, lala, simama, choka, shiba, vaa. Jinsi ya kuvitambua? Tia neno "bado" mbele. Twasema "bado amelala", "bado amesimama", "bado amevaa kofia", na maana yake ni kwamba hali yaendelea. Hatusemi "bado amekula". Kitenzi kikikubali "bado" kwa namna hiyo, katika Kiingereza hakitakuwa "has", kitakuwa "is" pamoja na neno lifaalo: "is asleep", "is standing", "is tired". Kipimo hiki sikukitoa katika kitabu. Nilikipata nikizungumza na walimu wawili tukiwa tumekwama njiani kwa mvua, na tukakijaribu kwa kila kitenzi tulichokikumbuka mpaka gari likapita.

Kiima nacho chataka maneno machache. Katika Kiswahili kiambishi cha kiima kikiwapo katika kitenzi, nomino yaweza kuondoka pasipo hasara: "Wamefika." Katika Kiingereza kiti cha kiima hakiachwi kitupu kamwe. Kama hapana wa kukikalia, hutafutwa neno la kushika nafasi, kama vile msafiri katika kituo cha mabasi awekavyo mfuko juu ya kiti ili kisichukuliwe. Ndiyo kazi ya "it" katika "it is raining", ambapo sisi twasema "mvua inanyesha" na mvua ndiyo kiima cha kweli. Ndiyo pia kazi ya "there". Sisi twasema "mezani pana vitabu", na kitenzi kimepatana na mahali. Mwingereza husema "there are books on the table", na kitenzi chake kimepatana na vitabu, ingawa vimekaa nyuma yake. Kwa upande mwingine, kiti hicho hakiwapokei wawili kwa kiima kimoja. Watoto wetu huandika "My father he is a farmer", kwa sababu katika "baba analima" wao husikia "a-" na hudhani ni "he". Waelezwe kwamba "a-" ni sehemu ya vazi la kitenzi, na kwamba "he" ni mtu kamili atakaye kiti chake. Baba akiisha kukaa, "he" na asimame.

Huenda mtu akauliza kwa nini nayahangaikia haya wakati mtoto aweza kujifunza lugha kwa kuisema na kuisikia. Jibu ni kwamba mtoto wa nyanda za kati haisikii. Katika shule za msingi za serikali alifundishwa masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza, na sekondari huanza kusoma fizikia, biolojia na jiografia kwa lugha ambayo nje ya darasa haimo sokoni wala nyumbani. Akiulizwa "Water is carried by which tissue?", asipojua kwamba maji si mtendaji hapo, ingawa yamekaa kwenye kiti cha kiima, atakosa swali la biolojia ambayo aijua vizuri. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hautofautishi kati ya asiyejua mshipa na asiyejua sentensi. Na mahali pengi nimeona vibao vikiamuru Kiingereza tupu, na mtoto anenaye Kiswahili huadhibiwa, hata katika kipindi ambamo Kiswahili kidogo kingalimfungulia mlango. Siwapingi watakao mtoto azoee Kiingereza. Nasema tu kwamba kuulinganisha "a-" na "-s" hakuwezekani mpaka "a-" iruhusiwe kuingia darasani.

Nimebakiwa na istilahi moja, jinsia. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "yeye" wala katika "a-", na Kigogo pia vivyo hivyo. Kwa hiyo "he" na "she" huchanganywa hata na watu wazima wenye shahada. Waalimu hulitaja jambo hili kama udhaifu wa Waafrika wote. Lakini nyanda za kati hazina Wabantu peke yao. Katika Wilaya ya Chemba, upande wa Farkwa na Kwamtoro, wako Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko na hutofautisha nafsi ya tatu ya kiume na ya kike. Jirani zao Waburunge husema lugha ya Kikushi ambayo nomino zake zina jinsia, na kitenzi hubadilika kwa mujibu wa jinsia ya mtendaji. Watoto hawa walijifunza kuutofautisha mume na mke katika sarufi kabla hawajaujua hata huo Kiswahili.

Katika shule moja ya upande huo nilimwuliza mwalimu kama aliwahi kuwatumia. Akasema lugha zao hazijui, na kwamba wao wenyewe huona haya kuzisema mbele ya wenzao. Tulipoingia darasani nikamwomba mvulana mmoja Mburunge aseme kwa lugha yake kwamba baba amekuja, kisha kwamba mama amekuja. Wenziwe walicheka mwanzoni. Alipoisema mara ya pili polepole, na kitenzi kikasikika kimebadilika, walinyamaza. Akatokea mmoja akauliza kama itakuwa hivyo kwa mbuzi pia. Nikamwachia yule mvulana awajibu. Tukaandika "he" na "she" chini ya sentensi zake mbili, na kwa mara ya kwanza kwa siku ile yeye ndiye aliyewasahihisha wengine.

Kisha tukaingia katika "his" na "her", na hapo darasa zima, pamoja na mimi, tukarudi katika matope. Katika Kiswahili "-ake" huvaa vazi la kitu kimilikiwacho: kitabu chake, mtoto wake, nyumba yake, juu ya mwenye mali haisemi lolote. Kiingereza hufanya kinyume, hakijali kitu, hutazama mwenye nacho. Msichana mmoja alikuwa ameandika "Mary and his brother", na alipoulizwa akaeleza kwamba ndugu huyo ni mwanamume. Alikuwa amekipatanisha kimilikishi na kimilikiwa, kama afanyavyo kila siku. Nikaandika ubaoni "kaka yake Maria", nikachora mshale kutoka "yake" kwenda "kaka", na chini yake nikaandika "her brother" na mshale wa kwenda "Mary". Kengele ikalia kabla sijafika kwa Petro na dada yake.